Kuvuka Kivu wakati miguu haisaidii: namna ya kwenda Idjwi bila kubebwa sawa gunia



Wiki hizi tunapanga matembezi ya chama: bato toka Goma, siku mbili Idjwi, kiisha kushukia Bukavu. Watu wamefurahi, hata mimi. Lakini kati ya mawazo yote yaliyotolewa, moja lilisema hivi: "Wenzetu wenye shida ya miguu tutawaletea picha." Aliyesema hana ubaya, namjua. Alifikiri tu kwamba njia haiwezekani.

Mimi natembea na bekiyi mbili tangu 2020. Pikipiki iliniangusha nikitoka kuangalia mashamba ya mihogo, na nyonga ya kushoto haikurudi sawa. Ngazi tatu nazipanda, ngazi kumi zinanimaliza. Tangu pale nimevuka Kivu zaidi ya mara kumi na tano, mara nyingi kwa kazi, mara zingine kwa kufurahi tu. Kwa hiyo si nadharia. Na jambo hili halinihusu mimi peke yangu: kwenye chama tuko na mwenzetu wa kiti cha magurudumu, tuko na wengine wenye mguu wa polio, na kila mmoja wetu ako na mama ao koko nyumbani ambaye magoti yamechoka na hajawahi kuonja ziwa analoliangalia kila siku.

1. Shida haiko kwenye maji

Sisi watu wa agronomia tunafundishwa mapema kitu kimoja: nyanya nyingi zinapondeka pale zinapopakiwa na pale zinaposhushwa. Kama unataka kupunguza hasara, unachunguza kila fasi ambako mkono unashika kitunga.

Safari ya bato kwa mtu asiyetembea vizuri ni vile vile. Ukishaketi, ziwa linakubeba sawa na wengine wote, na pale ndani hakuna anayetembea kukushinda. Shida iko kwenye viungo: toka taksi mpaka ukingo wa porti, toka ukingo mpaka ndani ya bato, toka kiti mpaka choo, toka bato mpaka kwenye mchanga wa Idjwi, toka mchanga mpaka kitanda. Nikihesabu kwenda tu, napata kama hatua kumi. Tukizitengeneza moja moja, safari inakuwa safari. Tukizitupa zote pamoja ndani ya neno "atabebwa", tumeshaiharibu.

Hata zile bato kubwa za watalii za Karibiani na Mediterania ziko na fundisho hilo. Zina lifti, zina vyumba vyenye milango mipana na bafu isiyo na kizingiti. Lakini fasi bandari haina kina, bato inasimama mbali na watu wanashushwa na mashua ndogo. Pale mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuambiwa abaki ndani, sababu mawimbi yanachezesha mashua. Hoteli nzima inaelea, na kiungo kimoja cha mwisho kinamzuia kugusa nchi aliyoilipia. Kumbe pesa peke yake haimalizi swali.

2. Kuchagua bato

Kati ya Goma na Bukavu ni karibu kilometa 100 za maji. Kano rapide inazimaliza kwa masaa mawili mpaka matatu. Bato kubwa inachukua nusu siku, ao inatembea usiku kucha. Wengi wanafikiri ya haraka ndiyo nzuri kwa mgonjwa. Mimi nasema angalia mwili wako kwanza.

Kano rapide iko chini karibu na maji, viti vimebanana, unashuka ndani kama unaingia kwenye shimo. Inaruka juu ya mawimbi na kupiga, na mgongo wenye shida unajua kila pigo. Faida yake ni kwamba muda ni mfupi, unaweza kumaliza bila kutafuta choo. Bato kubwa inatulia zaidi na iko na nafasi ya kugeuka, lakini mara nyingi viti vizuri viko juu, na ngazi ya kufika kule ni ya chuma, nyembamba, imesimama sawa ukuta. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni hili: kwenye stepu ileile unayoingilia, kuna viti na choo? Kama jibu ni ndiyo, chukua ile, hata kama si ya kifahari.

Saa nayo ni dawa. Asubuhi mara nyingi ziwa limelala. Upepo na mvua ya radi vinapenda kuja mchana na jioni. Mtu anayetembea na bekiyi kwenye sakafu inayocheza ni kama anayelima kwenye mteremko wa utelezi. Chagua asubuhi.

Ndani ya bato, omba kiti cha katikati. Bato inacheza kama ubao wa watoto wa kupandisha na kushusha: ncha zinaruka, katikati inatikisika kidogo tu. Kichefuchefu kinapungua, na mwili usio na nguvu ya kujishikilia haurushwi. Lakini katikati isiwe mbali na mlango. Nitaeleza juu ya nini.

3. Ubao wa kupandia: hapa ndipo hesabu

Kwenye porti zetu nyingi mtu anaingia kwa kukanyaga ubao mmoja wa sentimeta 30, unaopinda, wengine wakisukuma nyuma. Mwenye miguu mizima anaruka. Mimi nasimama.

Kuna kipimo kinachotumiwa fasi nyingi duniani: kwa kila sentimeta 1 ya kupanda, sentimeta 12 za urefu. Kama mlango wa bato uko sentimeta 50 juu ya ukingo, ubao unaomruhusu mtu wa kiti cha magurudumu kupanda yeye mwenyewe uko na meta 6. Ni mrefu, najua. Kama kuna mtu mwenye nguvu anayesukuma nyuma na mwingine anashika mbele, unaweza kukubali 1 kwa 6, yaani meta 3. Chini ya hapo si kupanda tena, ni kunyanyua, na basi afadhali kunyanyua vizuri.

Upana: kiti cha kawaida kina sentimeta 60 mpaka 70, kwa hiyo ubao wa sentimeta 90, ao mbao tatu zilizofungwa pamoja kwa nguvu. Pembeni pigilia vipande virefu vya kuzuia gurudumu lisichepuke majini. Vile vijiti tunavyopigilia ili miguu isiteleze vinatikisa magurudumu na kuyazuia. Viweke katikati tu, fasi msukumaji anakanyaga, na kushoto na kuume pabaki laini. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kufanya kazi hii siku moja.

Angalia tena: ziwa halikai fasi moja. Mwisho wa mvua kubwa maji yanapanda, kiangazi yanashuka, na mlango wa bato unafuata maji. Kipimo cha mwezi wa tano hakitoshi mwezi wa nane. Pima karibu na siku ya safari.

4. Kubeba mtu

Kuna siku ubao hautoshi, kwa mfano pale Idjwi ambako fasi zingine unashukia ufukoni, ao unabadilisha na kuingia ndani ya mtumbwi. Pale mtu atabebwa. Sina haya ya kubebwa. Nina haya ya namna ninavyobebwa.

Siku moja kwenye bato ambayo jina lake nalinyamazia, kijana alinishika makwapa toka nyuma bila kusema neno, mwenzake akavuta miguu. Mguu wa kushoto, ule ule. Niliwika sawa jogoo. Walicheka, sikuwachukia, hakuna aliyewaonyesha. Kiisha mkata-tikiti akanielekeza niketi chini, pale kwenye mifuko ya makala, "ili usisumbue watu". Nilikuwa nimelipa bei ya kiti.

Kwa hiyo andikeni hii. Kwanza, uliza: "Nikushike wapi?" Mwenye mwili anajua fasi inayouma. Pili, usimshike mtu makwapa wala mikono. Bega linaweza kuchomoka. Tatu, namna rahisi ni watu wawili wenye urefu unaolingana, wanashikana mikono chini ya mapaja na nyuma ya mgongo wake, yeye anaweka mikono kwenye mabega yao. Nne, mtu mmoja tu anatoa amri: moja, mbili, tatu. Tano, kiti ao bekiyi zinatangulia, ili akifika azikute. Kumtenga mtu na bekiyi zake ni kumfunga bila kamba.

Na kama anabebwa ndani ya kiti chake, shika chuma cha fremu. Magurudumu yanageuka, na pahali pa kuwekea mikono na miguu panachomoka. Vyote hivyo vinadanganya.

5. Jile, na jambo ambalo watu hawapendi kusema

Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, bato iliyotoka Minova ilizama karibu sana na Kituku, Goma. Watu waliokuwa ufukoni waliiona ikipinduka. Makumi ya watu walikufa. Mwezi wa 4 wa 2019 ajali nyingine ilitokea upande wa Kalehe, na kiisha ile Rais wa Jamhuri alitoa amri kwamba kila abiria avae jile. Sote tunajua familia iliyolia.

Sasa fikiria ajali ile kwa mtu ambaye hawezi kukimbia. Njo maana nasema haki ya kupanda bato bila mpango wa kutoka ndani yake ni haki nusu.

Jile inavaliwa kabla bato haijaondoka, na inafungwa mbele yote. Kwa mwenye miguu isiyo na nguvu, tafuta ile yenye kola inayoshikilia kichwa juu ya maji, sababu yeye hawezi kujigeuza kwa kupiga teke. Usimfunge mtu ndani ya kiti cha magurudumu ukiwa majini. Mkanda unaomsaidia barabarani utamzamisha. Afadhali ahamie kwenye kiti cha bato, na kiti chake kikunjwe na kufungwa pembeni kwa kamba. Kama hawezi kuhama, breki zifungwe na mkanda ubaki wazi. Aketi karibu na mlango, kamwe si chini kwenye tumbo la bato. Na mapema, watu wawili wajulikane kwa majina: kukitokea kitu, hao hawafuati mizigo yao, wanamfuata yeye.

Kiisha kuna sheria moja inayotuhusu wote, wazima na wasio wazima: bato ikijaa kupita kiasi, shuka. Mimi nimeshashuka mara mbili. Nilipoteza pesa ya tikiti na siku moja ya kazi, basi.

6. Mwili ndani ya masaa ya safari

Wengi wetu wenye shida ya kutembea tuko na ujanja mbaya: hatunywi maji toka jana yake, ili tusiombe choo. Nauelewa, lakini unaharibu. Mkojo mzito unaleta maambukizi, kichwa kinauma, na kukaa bila kusogea na bila maji kunaweza kugandisha damu ndani ya mguu. Kunywa kidogo kidogo. Muulize mapema mwenye bato choo kiko wapi na mlango wake una upana gani. Kama ni chembamba, tengenezeni kona na kitenge na chupa ao bakuli. Hakuna aibu, kila mama aliyesafiri na mtoto anajua.

Kwa asiyesikia miguu yake, hatari ni mbili. Chuma karibu na injini kinaweza kumuunguza bila yeye kujua, kwa hiyo asiketi pale. Na ngozi inayokandamizwa muda mrefu inaoza. Kila nusu saa ajinyanyue kwa mikono ao asaidiwe kuegemea upande, na chini aweke mto, hata wa sponji. Dawa zikae mwilini mwake ndani ya plastiki. Zikiwa ndani ya sanduku, zinaweza kushukia bandari nyingine.

7. Idjwi yenyewe

Ukifika, usidanganyike: kisiwa ni milima, barabara ni za udongo, na usafiri ni pikipiki. Kuzunguka kisiwa kizima kwa siku mbili si kazi ya mtu wa bekiyi, na hata mzima anachoka. Lakini nani alisema matembezi ni kuzunguka?

Lala karibu na maji, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Lete kisiwa kwako. Asubuhi wavuvi wanarudi na sambaza, ile samaki ndogo iliyoletwa toka Tanganyika mnamo 1959 na ambayo leo inalisha miji yote ya pembeni. Mitumbwi yao mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Ukikaa ufukoni unaona yote. Nanasi za Idjwi unazijua kwa harufu kabla hujaziona. Kahawa inakaushwa juu ya meza ndefu, na mkulima akisikia wewe ni mtu wa agronomia anakuja mwenyewe na maswali. Kivu haina mamba wala kiboko, kwa hiyo hata kuoga kunawezekana, na hapo kuna siri: ndani ya maji mwili wangu ni mwepesi. Nikiwa na jile na mwenzangu pembeni, mguu wa kushoto unasahau kwamba ni mgonjwa.

Na usiku, kama mawingu yanakubali, mwanga mwekundu wa Nyiragongo upande wa kaskazini. Picha haioneshi kitu kile.

8. Sheria inasema nini

Watu wanafikiri tunaomba huruma. Hapana. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Nchi iliingia kwenye Konvansyo ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mnamo 2015, na kifungu chake cha 9 kinataja usafiri waziwazi. Na tuko na sheria yetu wenyewe, Loi organique n° 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa 5, 2022. Wenzetu wa droit watatuelezea zaidi.

Ulaya wanaenda mbali: kwa kanuni namba 1177 ya 2010, msaada kwenye bandari na ndani ya bato ni bure, mradi umetoa habari masaa 48 mbele. Marekani, korti kuu iliamua mnamo 2005 kwamba sheria yao ya walemavu inagusa hata bato za watalii zenye bendera ya nchi nyingine zikiwa ndani ya maji yao.

Lakini mfano ninaoupenda uko kwetu. Pale Beach Ngobila, Kinshasa, tangu miaka ya 1970 watu wenye ulemavu walipewa nafuu ya bei kwenye bato ya kwenda Brazzaville, na kwenye duane walipunguziwa mzigo. Bato zenyewe hazikubadilishwa. Ubao ulibaki ubao. Lakini nafuu ile peke yake iliwafanya wawe wafanyabiashara wakubwa wa mto: tirisikili zao zilijengwa pana ili zibebe bidhaa, na watu wazima wakawa wanatafuta kazi ya kuzisukuma. Siku hizi biashara ile imepungua sana. Lakini ilionyesha kitu: mtu aliyeonekana kama mzigo ndiye aliyekuwa anapakia mizigo, mara tu kanuni moja ilipomfungulia njia.

9. Tufanye nini, sisi wa chama

Pendekezo langu ni dogo, na linalipika:

Tuulize kwanza hali ya usalama na ratiba, kama kawaida ya kwetu, na tutoe habari kwa mwenye bato siku mbili mbele: watu wangapi, viti vingapi vya magurudumu, viti gani tunataka karibu na mlango.

Tutengeneze ubao mmoja wa meta 3, vipande viwili vinavyounganishwa, na tusafiri nao. Utatumika Goma, Idjwi na Bukavu, na ukibaki mali ya chama, mwaka kesho tunao.

Watu sita wajifunze kubeba, jioni moja, wakibebana wao kwa wao. Ukishabebwa vibaya mara moja, unaelewa bila somo.

Gharama za ubao, mto na jile nzuri ziingie kwenye mchango wa wote. Asiwepo mtu anayelipa mara mbili kwa sababu ya mguu wake.

Na programu ya Idjwi iwe na kazi ya kukaa fasi moja iliyo tamu, si tu kupanda mlima kiisha kuwaacha wengine wakilinda mabegi.

Jumamosi asubuhi mimi naenda porti na mita ya fundi kupima urefu toka ukingo mpaka mlango, kwenye bato mbili ao tatu. Natafuta watu wawili wa kuja na mimi: mmoja wa kuandika namba, mmoja wa kushikilia ncha ya mita upande wa maji, sababu pale mimi sifiki.